Gari Lenye Bata Mlangoni

Taipei, 3 Machi 1997

Mjomba Mu-huo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkaza mjomba limepungua uvimbe. Huku hatujambo, ila mvua haijakatika tangu mwaka mpya na nguo zangu nazikausha kwa feni. Mama alinipigia simu kutoka Beidou Jumapili. Hajambo, na baba hajambo, ila siku hizi anasahau alipoweka miwani na kumlaumu paka. Mama anakusalimu. Akaniambia pia, kwa ile sauti yake ya kulalamika bila kulalamika, kwamba kutoka Xiluo hadi kwake ni kuvuka daraja tu na kwenda mbele kidogo, na kwamba mara yako ya mwisho kukanyaga kwake mimi nilikuwa na miaka mitano. Nimefikisha kama nilivyotumwa.

Sasa la kwangu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha magari ya zamani ya kusambazia bidhaa: la barafu, la maziwa, la mikate, hata baiskeli moja ya dobi yenye toroli. Siyapigi kwa ajili ya kalenda wala matangazo. Nayapiga kama wengine wanavyopiga picha wazee. Naweka ile kamera yangu kubwa ya sanduku, nasubiri mwanga, naangalia makunyanzi na makovu, kisha nachapa picha kubwa kupita urefu wa mtu. Ninayo kumi na moja. Ukumbi mmoja wa Changhua umenipa kuta zake mwezi wa Oktoba, na la kumi na mbili nataka liwe lako.

Nasema lile la magurudumu matatu, lenye kichwa cha pikipiki na kiuno cha lori, ambalo babu alilichorea jogoo mlangoni na Xiluo nzima ikamwita bata. Mama anasema bado liko bandani. Nipe siku moja tu. Na tafadhali, usilioshe.

Mpwa wako,
Yun-chi


Xiluo, 21 Machi 1997

Yun-chi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa, kwa hiyo hayo ya mvua nimeyaamini. Sisi wazima. Goti la Giok limepungua uvimbe ila maneno yake hayajapungua. Maharagwe meusi ya mwaka huu ni mazuri, punje nene, na mitungi arobaini ya sosi tayari iko juani. Nimemsikia mama yako. Mwambie nimemsikia.

Kuhusu gari, jibu ni hapana. Lile ni chuma chakavu. Kuku wanatagia humo. Kama unataka kitu kizuri cha kupiga, njoo upige mitungi ikiwa imepangwa, au mpige picha shangazi yangu mkubwa kabla hajafa, amekuwa akilalamika kwamba hana picha nzuri ya kuwekwa mbele ya jeneza. Gari la mizigo si bibi harusi. Mtu mzima, umesoma mpaka chuo, unamwambia mjomba wako asilioshe gari kabla ya kupigwa picha! Mwenye akili zake haonyeshi watu uchafu wake ukutani.

Tena ufunguo wa banda umepotea.

Kula vizuri. Mara ya mwisho ulikuwa umekonda.

Mjomba wako


Taipei, 9 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka kwenu baada ya sikukuu ya kusafisha makaburi, treni ilijaa mpaka nikasimama hadi Hsinchu. Asante kwa sosi na maharagwe. Jirani yangu amekwisha kunusa na kuja na bakuli.

Nina la kukiri, na ni bora ulisikie kwangu. Siku ile ulipobaki kaburini kwa babu na ndoo ya saruji, mkaza mjomba alinifungulia banda. Ufunguo haukupotea, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda ya jikoni. Aliniambia, "Ingia upesi, kabla fundi wa makaburi hajarudi."

Nilikaa mle saa mbili. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia bati lililotoboka na kuangukia zile mbao za nyuma, ambazo zimenyonya sosi miaka mingi hadi zimekuwa nyeusi na zinang'aa. Nimeshinda miaka kumi katika chumba cha giza cha kusafishia picha, Mjomba, na sijawahi kuona weusi wa namna ile. Bata alikuwa amebabuka shingoni. Madigadi ya mbele imebonyea upande wa kushoto, na hapo kwenye bonyeo rangi imepasuka. Nilipiga mara sita tu, kwa kuwa kila mara niliona haya, kama mtu anayechungulia.

Niliona na mambo mawili mengine. Vumbi limejaa kila mahali ila kiti cha dereva ni safi, mtu hukaa hapo. Na mbele ya gurudumu la mbele pana kibakuli cha wali uliokauka, beseni lililokaukiwa maji, taulo jipya lililokunjwa na majivu ya vijiti vya udi. Nilidhani ni sadaka ya babu. Mkaza mjomba akasema ya babu iko sebuleni. Nikamuuliza hii ni ya nani, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nimechoka kuuliza," akaufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sitaionyesha picha hiyo kwa mtu yeyote bila neno lako. Nisamehe kwanza kwa kuiba.

Yun-chi


Taipei, 30 Mei 1997

Mjomba,

Shikamoo tena. Wiki saba. Hata kunitukana hutaki? Nimezoea kutukanwa na wewe, kimya chako ndicho sikizoei. Mama hajambo, baba ameipata miwani, ilikuwa kwenye friji. Ukumbi unataka orodha ya picha mwisho wa Juni. Ukisema hapana nitaweka kumi na moja na sitakuuliza tena. Ila sema.

Yun-chi


Xiluo, 18 Juni 1997

Yun-chi,

Marahaba, chukua moja kwa barua zako zote mbili. Hatujambo. Goti ni lile lile. Tumefungua mitungi ya kwanza na harufu iko sawa.

Nilikasirika. Kwanza nilikukasirikia wewe, halafu Giok, halafu nikaishiwa watu. Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Giok nilimweleza jana, ili asilisikie kwako. Alinipiga na kitambaa cha vyombo, kisha akaketi akalia. Miaka yote hii alidhani kile kibakuli ni cha mpenzi wangu aliyekufa.

Ilikuwa Septemba 1971. Nilivuka daraja nikiwa na kreti za chupa, nikaenda Erlin. Katika kichochoro kimoja mwanamke alitokea kushoto na baiskeli, na kikapu cha mayai nyuma. Sikuwa mbio, hilo naweza kuapa popote. Nilikuwa nimegeuka kuangalia kamba iliyolegea. Madigadi ikampata akaanguka. Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akasema, "Nenda zako kaka, mimi sijavunjika, yamevunjika mayai tu." Nikamwona akichechemea hadi nyumba ya tatu, akaingia. Sikumfuata. Sikumpeleka kwa daktari. Wateja walikuwa wananingoja, na nilifurahi, Yun-chi, nilifurahi kwamba ameniambia niende.

Siku ya tano nilirudi na kuku na chupa mbili za sosi ya mtungi wa kwanza, ili nimwombe radhi kiungwana. Kichochoro kilikuwa kimefunikwa turubai la msiba. Wewe umezoea mjini, labda huko wameacha: nyumba yenye msiba hubandika kipande cha karatasi nyekundu kwenye mlango wa kila jirani, balaa lisije likavuka. Milango yote niliyoiona ilikuwa na wekundu wake. Mlango wa tatu ulikuwa mtupu, nikajua msiba ni wa humo. Sikusogea kutafuta karatasi nyeupe ya wafiwa. Ya nini? Nilishasikia habari za watu wanaoanguka, wanainuka, wanacheka, na kumbe damu inavujia ndani ya kichwa. Niligeuza gari nikaondoka, na kuku bado analia nyuma.

Nilimwambia babu yako kwamba injini imekufa. Nikaliingiza bandani na halikutoka tena. Wateja wa ng'ambo ya mto nikamwachia mtu mwingine. Daraja sijalivuka tangu siku hiyo. Mama yako anadhani namdharau baba yako, na mimi nimemwacha adhani hivyo kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Baba yako ni mtu mwema. Kwenda kwake na kwenda Erlin ni daraja moja.

Kila mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, watu wanapoandaa meza kwa ajili ya roho zisizo na kwao, mimi humwandalia yule mwanamke peke yake. Chakula, maji ya kunawa, taulo. Jina lake silijui. Namwita Dada wa Mayai.

Sasa neno langu ni hili. Bandika hiyo picha. Erlin iko wilaya hiyo hiyo ya Changhua, ni kwao. Akija mwanawe au mjukuu wake akamtambua bata, mpe jina langu na mahali ninapokaa. Waje waniambie wanachotaka kuniambia. Nina miaka sitini na nimechoka.

Mjomba wako


Changhua, 19 Oktoba 1997

Mjomba,

Shikamoo, wote wazima, na salamu nyingine zingoje. Yuko hai.

Kaa kwanza, kisha rudia kusoma hapo juu. Yuko hai, ana miaka sitini na minane, meno yake mwenyewe, na sauti inayofika hadi barabarani. Simu niliiogopa, kwa kuwa nusu ya maneno huyasikii na nusu nyingine unayabishia. Hili nilitaka ulishike mkononi.

Picha yako iko peke yake kwenye ukuta wa mwisho, kubwa kiasi kwamba bata amekuwa na urefu wa mtoto wa shule. Wiki nzima nilikuwa nasimama karibu nayo kama askari, kila mzee akiingia namfuata kwa macho. Fundi mmoja wa zamani wa pikipiki alikaa mbele yake nusu saa, akaondoka akifuta macho. Mwanafunzi wa sanaa alikuja kunieleza kwamba ule weusi wa mbao ni ukimya wa historia. Nikamwambia ni sosi.

Leo wakaja kina mama wa kanisa kutoka Erlin, kama kumi na tano, na basi lao. Mmoja mfupi, mwenye mkoba wa vitabu vya nyimbo, akafika ukuta wa mwisho akapiga kelele.

"Jamani! Njooni! Huyu ndiye aliyenigonga!"

"Nani kakugonga?" wenzake wakauliza.

"Bata! Miaka yote mnasema natunga, haya mtazameni! Mlango huo huo, shingo hiyo hiyo. Yeyote aliyemchora huyu hakuwahi kuona kuku."

Wakacheka mpaka mlinzi akaja. Kumbe huko kwao wajukuu wote wanajua kwamba bibi aliwahi kugongwa na bata. Nikamwuliza, "Mama, ilikuwa kichochoroni? Nyumba ya tatu?"

"Ya tatu, naam. Wewe umejuaje?"

"Na msiba je? Siku ya tano kulikuwa na turubai."

Akafikiri. "Aa! Ule wa Mzee Khoo, mshona nguo wa mkabala wetu. Alikuwa mgonjwa siku nyingi. Mimi na goti langu lililochubuka nilipika uji wa watu wote wale, mguu mmoja nimeuweka kwenye kiti!"

"Lakini mlangoni kwako hakukuwa na karatasi nyekundu."

"Karatasi?" Akanitazama kana kwamba ndimi niliyegongwa. "Sisi ni watu wa kanisa, mwanangu. Mume wangu aliibandua asubuhi ile ile, akaikunja, akawarudishia wafiwa kwa mikono miwili. Walinuna kidogo, kisha wakala uji wangu."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Mjomba, kuku, daraja, kibakuli, taulo. Yeye akaketi kwenye benchi na mkoba mapajani, akaniuliza ni miaka mingapi, nikamwambia ishirini na sita. Akasema, "Maskini ya Mungu." Halafu akasema, "Mwambie aje. Na asilete kuku, ninao wengi."

Jina lake ni Hung Pao-chu. Anakaa nyumba ile ile. Nimekuandikia mahali pake nyuma ya karatasi hii, ingawa najua hukuwahi kupasahau.

Nimelia hadi mlinzi akaniletea chai. Nina furaha, Mjomba, nina furaha sana.

Yun-chi


Xiluo, 9 Novemba 1997

Yun-chi,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima. Goti la Giok limepona kabisa tangu barua yako ifike, na mimi sasa naanza kushuku lilikuwa goti au lilikuwa jambo lingine. Mama yako na baba yako hawajambo, hilo nakuambia mimi, maana nimelala kwao siku mbili. Baba yako alinionyesha friji. Mama yako alikataa kuongea nami hadi nimalize bakuli la pili, ndipo akaanza, na hakunyamaza hadi alfajiri.

Nikueleze kwa mpangilio. Tuliondoka Jumanne ya mwisho ya Oktoba, mimi na Giok, kwa pikapu. Katikati ya daraja nilisimamisha gari. Sikuwa na sababu, mikono ilikataa. Nyuma wakaanza kupiga honi, na Giok akatoa kichwa dirishani akawaambia wakapige honi kwa mama zao. Basi nikaona aibu, nikaendesha.

Hatukwenda Erlin moja kwa moja. Nilisema twende kwanza Changhua tukaone picha, na ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kuchelewa. Wewe ulikuwa umekwenda kula. Ni bora, maana sikutaka unione. Nilikwenda kusema kwamba umepoteza filamu bure, nikabaki nimesimama pale natazama. Miaka yote nikiliangalia gari lile nilikuwa naona lile bonyeo tu. Sikujua kwamba mbao zile ni nzuri hivyo. Nilizifunga mimi mwenyewe, kila msumari, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa na miaka ishirini na mbili. Ulifanya vema kunikataza kuliosha. Sitarudia kusema hivyo.

Kisha Erlin. Kichochoro kimekuwa chembamba, au pikapu ni pana. Alikuwa mlangoni anachagua mboga. Giok alishuka kwanza, mimi nikabaki nimeshika usukani. Yule mama akaja hadi dirishani, akainama, akanitazama, akasema, "Safari hii umeendesha vizuri." Sikuweza kucheka. Nilishuka nikainama mbele yake hadi kichwa kikafika magotini, nikamwambia maneno niliyoyaandaa. Nilikuwa nimeyakariri tangu Xiluo. Yalinitoka kinyumenyume, na kamasi juu yake. Akangoja nimalize. Majirani walishatoka nje wote.

Tukaingia ndani. Akatupa chai na karanga. Akataka kujua habari za kile kibakuli. Nilimweleza kwa aibu, kwa kuwa kumwandalia mtu hai chakula cha wafu ni jambo baya sana, ningeweza kumletea mkosi. Yeye akataka kujua kilichokuwemo tu.

"Wali," nikamwambia. "Na kipande cha nyama ya nguruwe. Machungwa yakiwa msimu wake."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na taulo?"

"Jipya kila mara."

Akamgeukia Giok. "Mume wangu tulikaa naye miaka arobaini, hajawahi kuninunulia taulo." Giok akacheka hadi akamwaga chai, na hapo ndipo nami nilipocheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka namna ile. Mbavu zinaniuma hadi leo.

Goti akanionyesha. Kovu ni dogo kama ukucha. Nililitazama sana. Alisema usiku ule ule alilala vizuri, kesho yake akaenda sokoni, na wiki ya pili alikuwa ameshasahau, isipokuwa bata. Kwake yeye, Yun-chi, ilikuwa mchana mmoja tu.

Sikujua nifanye nini na hilo. Nilidhani nitakasirika, kwa miaka yangu iliyopotea. Sikukasirika. Nilihisi njaa. Nikala karanga zake zote.

Tulipoaga, Giok akatangulia kwenye gari. Mimi nilikuwa navaa viatu kizingitini, nimeinama, na yule mama akasimama nyuma yangu. Akaniuliza, taratibu, bila mzaha safari hii, "Na wewe je? Siku ile hukuumia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na nani angeniuliza, wakati sikumwambia mtu? Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Nikamwambia, "Niliumia, Mama."

Akaniwekea mkono mgongoni, akasema, "Pole. Pole sana, kaka yangu."

Mjomba wako,
Liao Mu-huo